HOTUBA YA MWENYEKITI KATIKA SHEREHE YA MIAKA 10 YA KIKUNDI: NAFAKA ZETU, MBOGA ZETU NA KINGA YA MWILI

Wapo wenzetu tulioanza nao ambao leo hawapo. Tunawaombea wapumzike kwa amani. Na ninyi mliofika, karibuni sana Lisekese.

Ndugu Mgeni Rasmi, katika sherehe kama hii watu hutegemea Mwenyekiti asome hesabu: hisa ngapi, mikopo mingapi, nani amejenga na nani amesomesha. Hesabu hizo Mweka Hazina wetu ameziandika vizuri katika kijitabu hiki, kila mtu atazisoma mwenyewe. Sisi tumeona leo tuseme juu ya chakula. Msishangae. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweka fedha, lakini fedha inatafutwa na mwili. Mwili ukiharibika, sanduku nalo linafunguliwa.

Na kweli limefunguliwa. Tulipoanza, mfuko wetu wa jamii ulikuwa wa misiba na uzazi. Miaka hii ya karibuni umekuwa zaidi wa sukari na presha. Hatuko peke yetu. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64, karibu 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu 9 walikuwa na kisukari. Zamani tuliambiwa haya ni maradhi ya matajiri wa mjini. Kumbe yamepanda basi yakashukia hata huku kwetu.

Kwa sababu hiyo, wakaja watu wa kuuza vichupa na mikebe ya unga. Walituambia ndani yake mna kitu cha kuondoa sumu mwilini, kwamba kinatibu presha, sukari, macho, mgongo na hata uzazi. Chupa moja bei yake ilikuwa sawa na hisa za mama mmoja za miezi kadhaa. Wenzetu baadhi waliomba mkopo wa kikundi ili wanunue. Mkutano ulikuwa mkali siku ile. Wengine walisema, "Afya haina bei." Wengine wakasema, "Mkopo ni wa biashara, chupa itarudisha nini?" Tukakubaliana tuahirishe, twende kwanza kuuliza. Tumeuliza kwa wauguzi, kwa mabwana shamba, kwa vijana wetu waliosoma. Haya tunayosema leo ndiyo tuliyoyapata.

NI KITU GANI HICHO?

Kitu kile wanachokiuza kipo kweli, hawakukitunga. Wataalamu wanakiita antioksidanti. Wengine husema viondoa sumu. Sisi katika kikundi tumezoea kusema "kinga ya kutu", na tutaeleza kwa nini.

Jembe ukiliacha nje kwenye umande linapata kutu. Ndizi mbivu ukiimenya na kuiacha inakuwa nyeusi. Mafuta ya kula yakikaa wazi muda mrefu yanaota harufu mbaya. Mambo hayo matatu yanaonekana mbalimbali, lakini yote yana mkono wa hewa tunayovuta. Hewa ile ile inayotupa uhai huchoma na kuchakaza.

Ndani ya mwili nako ni hivyo hivyo. Chakula kinaunguzwa polepole ili tupate nguvu, kama kuni jikoni. Kuni zikiwaka hutoa cheche. Katika mwili cheche hizo ni chembe ndogo sana zisizotulia, kila moja imepungukiwa kitu, basi hunyang'anya kwa jirani yake. Jirani aliyenyang'anywa naye hunyang'anya mwingine. Moshi wa sigara huziongeza, na moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha huziongeza. Mwili una walinzi wake wa kuzizima, na mimea ina walinzi wake pia, maana nayo inakaa juani kutwa nzima. Tunapokula mimea tunapata walinzi hao. Wao humpa yule mnyang'anyi anachokitafuta, ugomvi ukaisha.

Mtu akitaka kuona kwa macho, akate ndizi mbivu vipande viwili. Kimoja akikamulie limau, kingine akiache. Kile cha limau kitachelewa kuwa cheusi, kwa sababu ya ukali wa limau na kwa sababu ya vitamini C iliyomo. Tulifanya hivyo hapa kikundini mbele ya watoto, wakacheka, lakini wameelewa kuliko maneno mengi.

PUNJE YA NAFAKA IMEJENGWAJE

Sasa tuje kwenye nafaka. Punje ya hindi au ya mtama ina sehemu tatu. Nje kuna ganda, ndilo linalotoka kama pumba. Katikati kuna sehemu nyeupe ya wanga, hiyo ndiyo kubwa na ndiyo inayoshibisha. Na pembeni kuna kiini, pale mche unapochipukia, penye mafuta.

Kinga ya kutu nyingi haikai kwenye ile sehemu nyeupe. Inakaa kwenye ganda, na vitamini E inakaa kwenye mafuta ya kiini. Nyuzinyuzi ziko kwenye ganda, na madini ya chuma na zinki mengi yako kwenye ganda na kiini. Kwa hiyo tunapokoboa mahindi mpaka yakawa meupe pee, kisha tukayaloweka siku mbili tatu na kumwaga maji, tunabaki na wanga. Unga unapendeza, ugali unavutia mbele ya mkwe, lakini walinzi wameenda kwa kuku.

Jambo hili si geni duniani. Katika miaka ya 1890 huko kisiwa cha Java, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa sana wanalegea miguu na kufa. Walipopewa mchele wenye ganda lake la ndani walipona. Ugonjwa huo ulikuwa unaua watu pia. Baadaye ilijulikana kwamba kilichokosekana ni vitamini B1, na mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel. Hiyo haikuwa antioksidanti, lakini fundisho ni lile lile: tunaweza kutupa dawa tukidhani tunatupa takataka.

Na kuna upande wa mfuko, ndugu zetu. Mama akipeleka debe la mahindi kukoboa kabla ya kusaga, karibu robo ya uzito inaweza kubaki mashineni kama pumba. Kisha analipa mara mbili, ya kukoboa na ya kusaga. Akisaga dona, analipa mara moja na anarudi na debe lake lote. Sisi ni watu wa kuweka akiba. Hiyo nayo ni akiba.

MTAMA NA ULEZI

Katika nafaka zote tunazozijua, mtama wenye utomvu mkali, ule unaokaza ulimi, ndio unaoongoza kwa kinga ya kutu. Ukali ule unaitwa tanini. Ni ukali ule ule ulioko kwenye chai ya rangi na kwenye bibo bichi. Mama zetu waliupanda mtama huo kwa sababu ndege hawaupendi. Mtama mweupe unaliwa na ndege mpaka unalia, mtama mchungu unaachwa.

Lakini msidanganywe na rangi ya nje. Si kila mtama mwekundu una tanini. Tanini inakaa kwenye tabaka jembamba chini ya ganda. Kwangua punje kwa kisu au ukucha: ukiona chini yake kuna utando wa kahawia, huo ndio wenyewe. Mbegu nyeupe kama Macia, ambayo mabwana shamba wameileta miaka hii, haina tanini. Inakomaa mapema na ugali wake ni mweupe, ni mbegu nzuri kwa mvua chache, lakini kwa kinga ya kutu haimfikii yule mchungu.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Tanini ina mema na ina mabaya. Inashikana na utomwili wa chakula, yaani protini, hata mwili usiupate wote. Inashikana na madini ya chuma pia. Kwa mtoto mdogo na kwa mama mjamzito hilo si jambo dogo. Ndiyo maana wazee hawakuula mtama mchungu hivi hivi. Kusini Magharibi ya Uganda, upande wa Kabale, watu huchanganya mtama mwekundu na majivu ya kuni, wanauacha uchipue, ndipo wanatengeneza uji na kinywaji chao kinachoitwa bushera. Majivu yanatuliza ule ukali. Hakuna profesa aliyewafundisha. Kuloweka, kuchipusha na kuchachusha vyote vinasaidia.

Ulezi nao ni mdogo kwa umbo lakini mkubwa kwa kazi. Kinga yake iko kwenye ganda jekundu, na kwa kuwa punje ni ndogo mno hatuikoboi, tunaisaga nzima. Tena ulezi una chokaa ya mifupa zaidi ya mara 10 ya mahindi. Mwenye mtoto anayenyonya na mwenye mzee nyumbani asikose ulezi.

Na hapa tuwakumbushe kimea. Mwaka 1973 serikali ilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka huo huo kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa "Mtu ni Afya", na mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Mama zetu waliokaa chini ya miembe kusikiliza redio wanazikumbuka. Baadaye, katika miaka ya 1980, wataalamu wa Tanzania walifundisha akina mama kuchipusha mtama au ulezi, kuukausha na kusaga, kisha kutia kijiko kimoja kwenye uji mzito wa mtoto. Uji unalainika bila kuongeza maji, mtoto anashiba chakula badala ya kushiba maji. Kimea hicho pia kinapunguza vile vitu vinavyozuia madini ya chuma. Ni elimu yetu wenyewe. Ila machipukizi mabichi ya mtama yana sumu, kwa hiyo yakaushwe vizuri, vijiti na mizizi vipukuswe, na uji uchemke.

TUSICHUKUE LA ZAMANI KWA MACHO YALIYOFUMBA

Kuna wanaosema, "Chakula cha asili hakina madhara." Sisi watu wa Masasi tunajua si kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hapa wilayani kwetu watu walidhurika kwa unga wa muhogo mchungu uliotengenezwa haraka, ule unaoitwa chinyanya. Kulikuwa na njaa, watu wakatwanga muhogo mbichi na kuuanika, kisha wakatwanga tena na kuanika, wakala kabla sumu haijatoka. Muhogo ulikuwa wa asili na kinu kilikuwa cha asili. Lililokosekana ni siku za kuuvundika na kuukausha.

Dona nayo ni hivyo. Kama mahindi yameota ukungu, kuyasaga na ganda lake ni kula sumu ya ukungu, maana sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Wanaiita sumukuvu. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine walikufa kwa ajili yake. Na kinga ya kutu haiiondoi, wala kupika hakuimalizi. Kwa hiyo mwenye kutaka dona kwanza akaushe mahindi juu ya turubai au kichanja, asianike ardhini. Pili, achambue punje zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa. Tatu, ahifadhi mahali pakavu. Vile vile kwa karanga. Karanga iliyosinyaa na yenye ukungu usimpe mtoto, wala usiifiche kwenye mboga.

UFUTA, MABIBO NA MBOGA ZA MAJANI

Tukitoka kwenye nafaka, Mungu ametupa vingi.

Angalieni ufuta. Tunaulima tukiutazama kama fedha tu: gunia, mnada, basi. Mafuta ya ufuta yanakaa muda mrefu bila kuota harufu kuliko mafuta mengi ya mbegu. Sababu ni kwamba yana kinga yake ya kutu ndani yake, wanayoiita sesamini na sesamolini. Ukikaanga ufuta, sesamolini inageuka kuwa sesamoli, ambayo ni kali zaidi katika kazi hiyo. Basi tusiuze ufuta wote mpaka punje ya mwisho. Kilo chache zibaki nyumbani za kutwanga na kutia kwenye mboga.

Bibo la korosho ni hazina tunayoikanyaga. Tunachukua korosho, bibo linaachwa liozee chini ya mti au linakwenda kwenye pombe. Bibo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Ukali wake ni tanini ile ile tuliyoisema. Mabibo makavu, kochoko, yanatunzika vizuri na utamu wake unabaki, lakini sehemu kubwa ya vitamini C hupotea yanapokauka juani. Kwa hiyo msimu ukiwepo, watoto wapewe bibo bichi lililooshwa, au juisi iliyokamuliwa siku hiyo hiyo. Ubuyu na ukwaju ni vya kiangazi, navyo vina kazi hiyo hiyo. Unga wa ubuyu ukoroge na maji ya uvuguvugu au baridi. Ukiuchemsha sana unafukuza vitamini C.

Vitu vya rangi ya manjano, kama embe, papai, boga na viazi lishe vya rangi ya chungwa, vina karotini. Mwili unaigeuza kuwa vitamini A ya macho na ngozi. Kiazi cheupe na mahindi meupe karibu hayana. Mboga za kijani iliyokolea, yaani kisamvu, majani ya kunde, majani ya maboga, matembele, mchicha na mlonge, zina karotini pia, ila kijani kimeifunika.

Katika kupika tuangalie haya. Karotini inapenda mafuta. Mboga ya maji matupu inapita tu, lakini ukiitia karanga, ufuta au tui, mwili unaichukua. Vitamini C inaogopa moto na maji mengi, basi osha mboga kabla ya kukata, usikate kwanza ndipo uoshe, na usimwage supu yake. Kisamvu kwa sababu ya sumu yake lazima kitwangwe na kichemke sana, hapo vitamini C tunaisamehe, tutaipata kwenye tunda. Na mboga ya kukausha kwa ajili ya kiangazi ianikwe kivulini penye upepo. Jua kali linaikausha upesi lakini linaiunguza karotini.

Jambo moja la chai. Chai ya rangi ina kinga ya kutu nyingi, lakini ukiinywa pamoja na ugali na maharage inazuia madini ya chuma. Mjamzito na mwenye upungufu wa damu anywe chai yake kama saa moja baada ya kula. Badala yake, wakati wa kula ale embe, chungwa au akamulie limau kwenye mboga, maana vitamini C husaidia kuingiza madini hayo.

TURUDI KWENYE VICHUPA

Sasa mtauliza: kama kinga ya kutu ni nzuri hivyo, kwa nini tusinunue iliyokwisha kukamuliwa, tumeze, tumalize kazi?

Hata wataalamu wakubwa walifikiri hivyo. Huko Finland walichukua wanaume zaidi ya 29,000 wavuta sigara, wakawagawa, wengine wakapewa vidonge vya karotini kila siku kwa miaka kadhaa. Walitegemea saratani ya mapafu ipungue. Majibu yalipotoka mwaka 1994, waliomeza karotini ndio walioumwa zaidi. Karotini ile ile ambayo kwenye embe na kisamvu ni neema, ilipotolewa peke yake na kwa wingi haikusaidia, ikaleta madhara.

Pia kulikuwa na orodha iliyotengenezwa na Idara ya Kilimo ya Marekani, ya kupima kila chakula kina nguvu kiasi gani ya kuzuia kutu. Wafanya biashara waliichukua, wakaipaka kwenye matangazo yao. Mwaka 2012 idara hiyo iliiondoa, ikasema kipimo cha kwenye chupa ya maabara si kipimo cha ndani ya mwili wa binadamu, na kwamba kilikuwa kinatumiwa vibaya.

Kwa hiyo wataalamu leo wanasema hivi: watu wanaokula nafaka nzima, kunde, mboga na matunda huugua kidogo moyo na kisukari kuliko wasiokula. Hilo limeonekana mahali pengi. Lakini sababu si kitu kimoja. Kuna nyuzinyuzi, kuna madini, kuna hizo kinga, na kuna kwamba mtu aliyeshiba dona na kunde hana nafasi ya soda. Vyote vinafanya kazi pamoja, kama kikundi. Ukimtoa mwanakikundi mmoja ukamfungia kwenye chupa, usitegemee afanye kazi ya wote 30.

Na tuseme wazi ili mtu asije akaumia kwa maneno yetu: chakula hiki ni kinga, hakikai mahali pa dawa. Mwenye presha aliyepewa vidonge hospitali asiviache kwa sababu ya mtama. Mwenye sukari aendelee kupima na kufuata maagizo. Na dona nayo ni wanga, ukila mlima wa ugali wa dona sukari itapanda vile vile.

MASHINE YETU

Ndugu Mgeni Rasmi, haya yote yana mahali yanapogonga. Katika mkutano mkuu ujao wanakikundi watapiga kura juu ya mashine ya unga tunayotaka kununua kwa akiba ya miaka hii 10. Wapo wanaotaka ya kukoboa na kusaga, kwa sababu wateja wanapenda sembe na pumba zinauzika. Wapo wanaotaka ya kusaga tu. Pande zote mbili zina hoja, na wote ni watu wetu.

Upande wa sembe una la kusema. Sembe inakaa dukani miezi, dona haikai. Ukishasaga, mafuta ya kiini yanakutana na hewa, na baada ya wiki kadhaa unga unakuwa mchungu. Ni ile kutu tuliyoieleza. Na ni kweli kuwa unga wa viwanda vikubwa, kwa kanuni za serikali, unatakiwa kuongezwa madini na vitamini. Lakini sembe ya mashine za vijijini kwa kawaida haiongezwi kitu. Mteja wetu anaondolewa vya asili na havirudishiwi.

Uongozi hautawapigia kura. Kazi yetu ni kuleta pendekezo, nalo ni hili. Tuanze na mashine ya kusaga, ambayo bei yake ni ndogo, fedha itakayobaki irudi kwenye mikopo ya kilimo. Tusage dona, mtama, ulezi na muhogo mkavu ulioandaliwa vizuri. Mteja ashauriwe kusaga kidogo kidogo, cha wiki mbili. Pawepo na meza ya kuchambulia mahindi kabla hayajaingia mashineni, na lenye ukungu lisisagwe hata kama mwenyewe ni shangazi yetu. Baada ya mwaka mmoja tutazame hesabu. Ikionekana tunapata hasara, suala la kukoboa litarudi mezani.

Kuhusu vichupa, tunapendekeza mkopo wa kikundi usitolewe kununua dawa ambayo hospitali haijaiandika. Mwenye kutaka kununua kwa fedha yake, ni hiari yake. Lakini sanduku lile lina kufuli tatu na wenye funguo watatu kwa sababu ni jasho la watu.

Wenzetu, mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingia kwao, bei huku kwetu ilianguka, na wengi tulibaki na magunia ndani. Tulinung'unika sana. Lakini mwaka ule ndio watoto wetu walikula mbaazi kwa ugali na mbaazi kwa uji. Soko likifungwa, tumbo halifungwi. Kila tunachokipanda tukipande kwa macho mawili, moja la mnada na moja la chungu. Mwenye shamba la ekari mbili, robo ekari iwe ya nyumbani: mtama, ulezi kidogo, njugu mawe, kunde, na matembele pembeni ya maji ya kuogea.

Mwisho, tunawashukuru waume zetu waliokubali tukae vikao mpaka jua linazama. Tunawashukuru wauguzi na mabwana shamba waliovumilia maswali yetu. Tunawashukuru vijana waliotusaidia kuandika. Na ninyi wageni, chakula cha leo kimepikwa na wanakikundi wenyewe: ugali wa dona, ugali wa mtama, kisamvu cha karanga, mbaazi, na juisi ya ubuyu. Nyama ipo, msiwe na wasiwasi. Kuleni, kisha mtuambie ukweli kama kuna aliyekosa sembe.

Umoja ni nguvu, na afya ni mtaji.